Kisa cha chupa 24: bia za chachu-pori zinakaa stoo miaka mingapi kabla hazijachoka?

Jamaa yangu alinitumia meseji usiku, "kaka zimekufa zote, kesho namwaga". Chini yake picha ya glasi, ndani kuna kitu cha rangi ya chai iliyolala, povu hamna. Nikamjibu usimwage hata moja, afu nikampigia tukaongea karibu saa nzima. Yaliyofuata baada ya simu ile yalichukua miaka minne na nayaandika hapa yote, manake hili swali la "niiweke miaka mingapi" naulizwa kila mara na nimeona jibu la namba moja linavyopoteza watu chupa nzuri.

Habari yenyewe iko hivi. Miaka sita kabla ya meseji hiyo, mtoto wake wa kwanza alivyozaliwa, jamaa alinunua kwa mkupuo chupa 24 za bia za chachu-pori, yaani zinazochachushwa na chachu za mwitu badala ya chachu ya kawaida ya bia. Wazo lake lilikuwa zuri sana, mtoto akitimiza miaka 10 wazazi na marafiki wakae pamoja wafungue bia yenye umri wa mtoto. Chupa 12 zilikuwa geuze, 6 za bia iliyotiwa tunda la rasiberi, na 6 ni ile bia ya rangi ya dhahabu inayolowekwa hopsi nyingi mwishoni, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, afu inatiwa breti wakati inajazwa chupani. Geuze na rasiberi zilizibwa kwa kizibo cha gome na juu yake kifuniko cha bati, zile za hopsi zilikuwa na kifuniko cha bati peke yake. Aliambiwa bia za chachu-pori zinakaa, akaamini zinakaa, zote akaziwekea tarehe moja. Hapo ndo tatizo lilipozaliwa, hata kabla joto halijaingia kwenye hii hadithi.

Kwa ambao hamjazoea haya mambo, breti ni kifupi cha Brettanomyces, chachu ambayo Niels Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg kule Denmark aliitambulisha mwaka 1904 baada ya kuifuatilia kwenye bia za Kiingereza zilizokaa muda mrefu, na jina lenyewe maana yake ni kuvu wa Uingereza. Lakini nyumbani kwake hasa siku hizi watu wanakuhesabu ni Ubelgiji, Brussels na ile mitaa ya bonde la mto Senne, wanakotengeneza lambiki. Wanachemsha maji ya shayiri na ngano isiyooteshwa pamoja na hopsi zilizokaa miaka hadi zimepoteza uchungu, wanaimwaga kwenye sinia kubwa pana ipoe usiku kucha na hewa ya nje, na vinavyodondoka humo, chachu na bakteria, ndo vinafanya kazi yote kwenye mapipa ya mbao kwa miezi na miaka. Wanapika miezi ya baridi tu. Geuze ni lambiki ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya mitatu zimechanganywa, ile changa bado ina sukari kidogo kwa hiyo ikifungwa chupani inachacha tena na kujaza gesi. Sisi tukisema kitu kimechacha mara nyingi tunamaanisha kimeharibika, ila hii bia inapochacha ndo kwanza inaanza kuwa bia.

Sasa turudi kwenye stoo. Miaka mitatu ya mwanzo chupa zote zililala kwenye stoo ya chini ya nyumba, giza, nyuzi 12 hadi 14 muda wote, hapo sina neno la kulaumu. Mwaka wa nne wakahama. Boksi moja lenye chupa 12 likaenda moja kwa moja kwenye stoo ya nyumba mpya, boksi la pili nalo chupa 12 likabaki kwenye gereji iliyofungwa msimu mzima wa joto kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake kalibeba. Walipolikuta wakalirudisha stoo likakaa pembeni ya lenzake, na miaka miwili baadae hakuna aliyekumbuka lipi ni lipi zaidi ya jamaa mwenyewe ambaye bahati nzuri alikuwa ameliandika "gereji" kwa kalamu. Na wakati wa kupakia alikuwa amegawa nusu kwa nusu, kila boksi geuze 6, rasiberi 3, za hopsi 3. Bila huo mgawanyo nisingekuwa na la kusema. Bia ni zile zile, tofauti ni joto la miezi minne hivi, mtu ukitaka kujipangia jaribio kama hilo kwa makusudi itakuuma roho kuharibu nusu.

Chupa aliyoifungua usiku ule akaitema ilikuwa geuze ya boksi la gereji. Kwa chupa hiyo moja akazihukumu 23 zilizobaki.

Nilipofika kwake kitu cha kwanza hatukufungua chochote. Tulizitoa zote taratibu tukazipanga mezani, nikawasha tochi ya simu nyuma ya shingo ya kila chupa nikaangalia bia imefika wapi. Hiki kitu kinachukua dakika kumi na kinakwambia mengi kuliko tarehe ya kwenye lebo. Geuze sita za stoo zilikuwa zimesimama kiwango kimoja, vidole viwili chini ya kizibo, kama askari. Za gereji zilibaki tano, mbili ziko sawa na wenzao wa stoo, tatu zimeshuka kidole kizima zaidi, na moja kati ya hizo tatu ukipitisha kidole chini ya kifuniko cha bati unakuta utando unaonata, mkavu, wa rangi ya asali. Yaani joto lilipanda, gesi ikasukuma, kizibo kikaachia bia ikatoka kidogo, usiku kukipoa chupa ikavuta hewa badala yake. Ikatoka bia ikaingia oksijeni, mara nyingi, kwa miezi minne.

Na hilo siyo jambo la kudharau, mwaka 2009 kidhibiti joto kiliharibika kwenye ghala la 3 Fonteinen, watengenezaji wa geuze huko Ubelgiji, joto likapanda na maelfu kwa maelfu ya chupa zikapasuka au zikaharibika, nyingine ambazo hazikupasuka bia yake ikaenda kukenekwa ikawa pombe kali kwa sababu kama geuze ilikuwa imeshapikika. Watu waliolea bia ile miaka mitatu kwenye mapipa, ikaondoka kwa ajili ya kifaa kimoja. Mi kila nikiona mtu ameweka chupa zake juu ya kabati la jikoni nyuma ya friji naikumbuka habari hiyo.

Tulizisimamisha chupa sita siku mbili kwenye baridi ili mashapo yashuke, moja ya kila aina kutoka kila boksi, afu jioni ya tatu tukafungua. Tulianza na za hopsi. Ile ya stoo ilifunguka na mlio mkali, povu likapanda nusu ya glasi, rangi bado dhahabu safi. Ila hopsi hamna. Ile harufu ya maua na maganda ya machungwa ambayo ndo sababu ya bia ile kutengenezwa ilikuwa imeondoka yote, nafasi yake breti imekaa mwenyewe, ngozi ya tandiko la farasi, ganda la nanasi, nyasi kavu, na mdomoni imekauka kabisa haina hata punje ya utamu. Jamaa akasema hii nzuri mbona. Ni kweli ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa bia nyingine, na pale ilikuwa imeshapita kilele chake hata kama hiyo bia nyingine ndo unayoitaka. Ya gereji ilikuwa na karatasi ya boksi lililolowa, asali iliyoungua, na nyuma yake jibini la zamani, hiyo ni asidi ya isovaleri ambayo inatoka kwenye hopsi zikizeeka na breti nayo inaichangia. Tulimwaga.

Rasiberi ya stoo, na hapa nilisikitika zaidi ya jamaa mwenyewe. Nilishawahi kuinywa hiyo bia ikiwa na miezi sita, ilikuwa nyekundu ya kuchoma macho na ukiinusa ni kama umeponda rasiberi kwenye kiganja. Sasa imekuwa rangi ya ganda la kitunguu, harufu ya tunda imebaki kwa mbali upande wa mbegu na kijiti, siyo nyama ya tunda. Uchachu wake ulikuwa umekuwa mkali zaidi. Kipimo cha asidi pengine hakijapanda sana, ila lile tunda lililokuwa linaufunika limeondoka. Hiki kitu watu wengi wanakikosea, wanasema bia imezidi kuchacha stoo, kumbe kilichotoka ni kile kilichokuwa kinaisawazisha. Bado ilikuwa hai, ungeweza kumaliza glasi. Ya gereji ilikuwa kahawia, gesi kiduchu, siki na dawa ya kutoa rangi ya kucha, ukiinusa unarudisha kichwa nyuma bila kupenda.

Afu geuze. Ya stoo tuliiacha mwisho, kizibo kilitoka kwa kishindo na ule mvuke mwembamba ukakaa shingoni sekunde kadhaa. Rangi ya dhahabu nzito, povu jeupe dogo dogo lililokataa kuondoka. Ganda la limau, majani makavu ya zizini, tufaha bichi, afu mwisho kabisa kitu kama chaki au jiwe lililonyeshewa mvua. Uchachu upo ila hauna kona, unapita na kurudi. Miaka sita na ilikuwa bado inapanda, ningeapa. Jamaa alikaa kimya akaangalia glasi, afu akasema kumbe hii ndo niliyokuwa nataka kuimwaga. Tukafungua ya gereji, ile tuliyochagua kati ya zile mbili zenye kiwango cha juu, nayo ilikuwa siyo maiti kama ile ya usiku wa meseji. Tufaha lililopondeka, njugu, kidogo sheri (ile divai kali ya Hispania), gesi imepungua lakini ipo. Imezeeka miaka ambayo haikuiishi, ila unakunywa na unafurahi. Tofauti ya chupa mbili za boksi moja, moja ya kutema na moja ya kunywa, ilikuwa kizibo tu.

Hapo ndo nikamchorea kwenye karatasi ninachotaka nikueleze na wewe. Kwenye chupa ya chachu-pori kuna vitu vinne vinazeeka kwa mwendo tofauti, na swali la miaka mingapi halina jibu hadi useme unamaanisha kipi kati ya hivyo. Hopsi ndo za kwanza kuondoka, harufu yake inahesabiwa kwa miezi. Tunda linafuata. Gesi inategemea kizibo. Na bia yenyewe ya chini, ile lambiki au mfano wake, hiyo ndo inaishi. Kwa hiyo chupa ambayo thamani yake iko kwenye hopsi au kwenye tunda umeshalipia kitu kinachokimbia, ukiiweka stoo unabaki na kisichokimbia peke yake na mara nyingi chenyewe hakikuchaguliwa kwa ajili ya kusimama peke yake.

Sasa kwa nini ile ya chini inaishi wakati bia ya kawaida mwaka mmoja tu imekuwa karatasi? Sababu ziko kadhaa zinashikana mikono. Asidi ni nyingi, pH ya geuze inashuka hadi karibu 3.3, vijidudu vingi vya uharibifu haviwezi kuota humo. Sukari karibu yote imeshaliwa, breti inakula hata zile sukari ndefu ambazo chachu ya kawaida inaziacha, kwa hiyo hamna chakula kilichobaki cha kuleta vurugu. Na kubwa kuliko yote breti yenyewe iko hai chupani, oksijeni ikiingia kidogo kwenye kizibo inaivuta na kuitumia, tena inaendelea taratibu kugeuza asidi na kilevi kuwa harufu za matunda. Ni mlinzi aliyeko ndani ya nyumba. Ila mlinzi naye anachoka, chachu zikifa zinapasuka na kuachia vilivyomo ndani, mdomoni unapata kitu cha mchuzi wa soya, supu ya nyama iliyopoa, na mwili wa bia unalegea. Ukishasikia mchuzi wa soya usisubiri tena, hamna chupa inayorudi kutoka hapo.

Na joto linaharakisha kila kitu kwenye orodha hiyo. Mahesabu ya haraka ya watu wa kemia ni kwamba nyuzi 10 zikiongezeka mwendo wa mabadiliko unakuwa kama mara mbili au zaidi, kwa hiyo chupa iliyokaa nyuzi 32 mchana haihesabu miaka kama iliyokaa 12. Kupanda na kushuka ni kubaya zaidi kwa sababu ya kile kizibo kinachopumua. Mi naona bora stoo ya nyuzi 16 isiyobadilika kuliko ya nyuzi 10 leo na 22 kesho kutwa. Mwanga nao, chupa nyingi za geuze ni za kijani na kijani hakizuii sana, mwanga unavunja uchungu wa hopsi inatoka harufu ya kicheche, zile hopsi kuukuu za lambiki zinaipunguza shida lakini bia ya hopsi mpya haina kinga hiyo. Giza tu, hamna mjadala. Za kizibo cha gome zilaze ili kizibo kisikauke, za kifuniko cha bati peke yake simamisha, haziitaji kulala.

Namba ninazotumia mwenyewe, ni uamuzi wangu kwa nilivyoonja, siyo sheria: chachu-pori yenye hopsi nyingi nainywa ndani ya miezi sita kama nataka hopsi, au mwaka hadi miaka miwili kama nataka breti, baada ya hapo natafuta sababu ya kuifungua. Orval, bia ya Ubelgiji, ndo mfano mzuri wa hii, inalowekwa hopsi na kutiwa breti wakati wa kujaza chupa, ikiwa changa ni bia moja na ikifika mwaka ni nyingine kavu zaidi yenye zizi ndani yake, kila mtu ana upande wake. Rasiberi, pichi, aprikoti, mwaka mmoja, ukivumilia sana miaka miwili. Cheri zinasubiri zaidi kwa sababu kokwa lake linaacha ile harufu ya lozi ambayo haiondoki haraka, krieki (lambiki ya cheri) kavu nzuri naipa hadi miaka mitano na najua nitapata cheri iliyokauka siyo mbichi. Geuze kavu ya kweli naanza kuifurahia mwaka wa pili au wa tatu tangu ijazwe chupani, kati ya mitano na kumi ndo napenda zaidi, na watengenezaji kadhaa wanaandika miaka 20 kwenye lebo na hawadanganyi, ila ishirini ni ya chupa iliyolala pazuri na yenye kizibo chenye bahati.

Kuna kundi ambalo haliingii kwenye hesabu hizi na watu wanalichanganya kila siku. Siyo kila bia kali ya asidi ni ya chachu-pori. Nyingi zinachachushwa siku moja au mbili kwa bakteria kabla ya kuchemshwa, afu zinamaliziwa na chachu ya kawaida, humo ndani hamna mlinzi. Asidi inakudanganya kwamba itakaa, haikai, inywe mapema kama bia nyingine yoyote. Hali kadhalika lambiki zilizotiwa utamu na kupashwa moto ili kuua chachu, zimesimamishwa pale zilipo, kuziweka stoo miaka ni kuzihifadhi zizeeke tu. Kwa geuze na krieki angalia neno "oude" kwenye lebo, Umoja wa Ulaya unalilinda tangu 1997 na linakuhakikishia ni lambiki halisi iliyochacha tena chupani bila janja hiyo.

Na kitu kimoja cha upande wa pili, manake watu wanaogopa uzee tu wanasahau kwamba kuna chupa zinahukumiwa zikiwa changa. Niliwahi kupika mwenyewe bia ya breti, wiki sita baada ya kujaza chupani nikaonja, mwanzoni sawa, nikameza, afu sekunde kadhaa baadae ikapanda nyuma ya ulimi ladha ya kizimba cha panya na bisi zilizochina. Inachelewa hivyo kwa sababu kinachoileta hakisikiki kwenye asidi, hadi mate yako yapunguze ukali ndo unakisikia. Nilimwaga nusu ya chupa kwa hasira. Zile nyingine nilizisahau, miezi mitano mbele nikafungua moja, panya hayupo, bia safi kabisa. Hiyo ladha inakuja na oksijeni ya wakati wa kujaza na mara nyingi breti inaimaliza yenyewe ukiipa miezi. Mpaka leo zile chupa nilizomwaga naziwaza. Kwa hiyo chupa changa yenye panya ilaze, chupa ya miaka sita yenye mchuzi wa soya ifungue, usizichanganye hizo mbili.

Tuliamua hivi. Baada ya jioni ile zilibaki chupa 17. Rasiberi mbili na za hopsi mbili za stoo, zinywewe ndani ya mwezi, hamna kusubiri shughuli yoyote, alialika watu wikiendi iliyofuata zikaisha. Rasiberi za gereji mbili alizifungua akaziacha kwenye mtungi na kitambaa juu zikamalizia safari ya kuwa siki, na siki ilitoka nzuri. Za hopsi za gereji zilimwagwa, tulionja zote mbili kwanza, sikubali kumwaga bila kuonja. Geuze za gereji zilibaki nne, zile tatu zilizoshuka kiwango tukazifungua mfululizo wiki hiyo, mbili zilikuwa mbaya kama ya kwanza, moja, na ni ile yenye utando wa kunata ambayo ningeweka dau imekufa, ilikuwa ya kunyweka. Sina maelezo mazuri zaidi ya kwamba huenda ilivuja mapema afu ule utando wenyewe ukaziba. Ya nne yenye kiwango kizuri ilisubiri miezi minane, ikanywewa ikiwa na sheri zaidi na gesi pungufu kuliko ile dada yake, kwa wakati.

Za stoo geuze tano ndo zilikuwa mali yenyewe. Nilimwambia usizifungie zote tarehe moja, moja ifunguliwe katikati ikupe habari, na akakubali ingawa ilimuuma kupunguza akiba ya mtoto. Mwaka wa nane tukafungua. Povu limeshuka kidogo, limau limegeuka ganda la limau lililokaushwa, zizi limekuwa ngozi, na katikati ya mdomo kuna unene kama wa asali isiyo na sukari. Sheri ukiitafuta unaipata, usipoitafuta haikusumbui. Nikamwambia hapa imefika juu na inatembea kwenye tambarare, miaka miwili itafika, na usiongeze.

Mtoto alivyotimiza 10 tukafungua tatu. Ya kwanza kizibo kilivunjika nusu, ndani gesi imelala kabisa na harufu ya kuvu wa magunia mabichi, hiyo siyo uzee, ni kizibo chenyewe kilikuwa na ugonjwa tangu siku ya kwanza na hata ingefunguliwa mwaka wa pili ingekuwa hivyo. Tuliisogeza pembeni. Ya pili na ya tatu zilikuwa nzima, mlio mdogo kuliko zamani lakini mlio, na watu wanane mezani walikunywa bila kuongea kwa muda. Ukizilinganisha na ile ya mwaka wa nane zilikuwa zimeteremka hatua moja, njugu zaidi, limau kidogo, mwisho wake mfupi kidogo. Kama angekuwa hana tarehe ya mtoto ningemwambia mwaka wa saba au wa nane ndo ulikuwa wake. Lakini tarehe ya mtoto nayo ni sababu, na bia ilifika.

Imebaki moja. Juzi kanitumia picha ya shingo yake na tochi nyuma, bia iko vidole viwili na nusu chini ya kizibo, mwaka wa sita zilikuwa viwili kamili. Ameuliza aiache hadi mtoto afike 18 waifungue pamoja. Nimemwambia hapana, hii itafunguliwa mwaka huu kabla ya msimu wa joto, na kwa ajili ya miaka 18 anunue leo geuze sita changa za mwaka wa karibuni, azilaze stoo ile ile, na boksi aliandike tarehe ya kuonja moja kila mwaka wa pili. Amenijibu tayari ameshatenga nafasi kwenye rafu ya chini, ile iliyo mbali na mlango.